Kituo cha saratani cha jamii Mombasa: viwango vinavyopimika, kuanzia kipande cha biopsi hadi maumivu ya usiku

Karibu kila kituo cha afya kina bango ukutani lenye maneno kama huduma bora, heshima na huruma. Hakuna anayeyapinga, lakini muuguzi wa zamu hawezi kuyafanyia kazi saa nne asubuhi mgonjwa anapoingia akitetemeka. Kiwango kinachofaa kina vitu vitatu: kitendo kimoja, muda wake, na cheo cha mtu atakayeulizwa. Kwa mfano: "Mgonjwa wa kemo (dawa za kuua seli za saratani) mwenye homa apewe dozi ya kwanza ya antibayotiki ndani ya dakika 60 tangu afike mlangoni, mwenye dhamana ni muuguzi wa zamu." Hicho unaweza kukipima kila Ijumaa. "Tutawahudumia wenye homa kwa haraka" hukipimi hata mwaka ukiisha.

Anza na viwango 8 au 10. Kituo kinachoandika 40 huishia kujaza fomu siku moja kabla ya wakaguzi kuja. Kwa saratani ya matiti unaweza kuazima malengo ya mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanzishwa mwaka 2021: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza, na asilimia 80 wamalize matibabu yao. Hilo la mwisho ndilo gumu Pwani. Mgonjwa wa Lamu au Hola akikosa nauli mara mbili huwa haonekani tena, na faili lake hukaa kabatini kana kwamba bado anatibiwa.

Kipande cha biopsi

Biopsi ni kukata kipande cha nyama ya mwili kikapimwe maabara. Huku ndiko makosa yasiyorekebishika yanakoanzia, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Fomalini (dawa ya maji ya kuhifadhia kipande) inayotakiwa ni ya asilimia 10 yenye bafa, yaani chumvi za kuizuia isigeuke asidi. Hutengenezwa kwa sehemu 1 ya fomalini ya dukani, ambayo ni formaldehidi ya asilimia 37 hadi 40, na sehemu 9 za maji yenye chumvi za bafa. Kuna wanaotumia ile ya dukani bila kuizimua, na kuna wanaoongeza maji ndooni kila inapopungua hadi ikabaki harufu tu. Kiasi kiwe mara 10 ya ujazo wa nyama: kipande cha mililita 20 kinataka mililita 200. Chombo kiwe na mdomo mpana, maana kipande kinachosukumwa kupitia shingo nyembamba hupondeka kikiingia, na kikishakakamaa hakitoki bila kukatwa. Maji ya dripu yasitumike hata kwa "dakika mbili tatu". Hayahifadhi chochote, na kwa joto la Mombasa nyama huanza kuharibika mapema kuliko mtu anavyodhani.

Kipande kiingie kwenye fomalini ndani ya saa 1 tangu kikatwe, na kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Nje ya mipaka hiyo, vipimo vya vipokezi vya homoni na HER2 (protini za seli zinazoonyesha dawa ipi itafaa) vinaweza kusoma hasi kumbe ni chanya, na mwanamke akakosa vidonge vya tamoksifeni ambavyo angevitumia miaka 5 na kunufaika. Fomalini hupenya kiasi cha milimita 1 kwa saa. Titi zima likitumbukizwa ndooni hivi hivi, nje litahifadhika na katikati litaoza. Lipasuliwe vipande vya unene wa sentimita 1 baada ya daktari wa upasuaji kuweka nyuzi za kuonyesha juu ni wapi na upande wa kwapa ni upi.

Sasa hesabu siku. Operesheni ya Ijumaa adhuhuri inatimiza saa 72 Jumatatu adhuhuri. Ikiwa sampuli zako husafirishwa hadi maabara ya Nairobi, basi la Jumatatu usiku limeshachelewa. Ama biopsi za matiti zifanywe Jumatatu hadi Jumatano, ama pawe na mtu wa maabara wa hapa anayeziendeleza wikendi. Saa ya kukata na saa ya kutia fomalini ziandikwe kwenye fomu. Bila hizo, mtaalamu wa patholojia hana namna ya kujua kama jibu lake ni la kuaminika.

Lebo hubandikwa kwenye chupa yenyewe. Kifuniko huhama. Andika kwa penseli au kalamu isiyofutika, kwa sababu unyevu wa hapa hung'oa stika za bei rahisi na wino wa kawaida hutiririka. Majina matatu na tarehe ya kuzaliwa havitoshi. Fatma Said Mohamed wawili kliniki moja si ajabu Mombasa, na wote wawili wanaweza kuwa wameandikwa Januari 1 kwenye kitambulisho. Namba ya hospitali ndiyo inayowatofautisha.

Weka daftari la sampuli lenye safu nne: ilitoka lini, aliipokea nani, majibu yalikuja lini, mgonjwa aliambiwa lini. Kila Jumanne mtu mmoja apitie zilizopita siku 14 bila majibu na apige simu maabara. Majibu yatumwe kwa anwani ya kituo. Yakitumwa kwa barua pepe ya daktari mmoja, atakwenda likizo nayo.

Kumweleza mgonjwa

Mara nyingi mume au mtoto mkubwa hutangulia ofisini: "Daktari, mama asiambiwe, moyo wake mdogo." Usimkemee, na usimkubalie. Mwulize anaogopa nini hasa, kisha mwambie kwamba mama ataulizwa mwenyewe. Swali linaweza kuwa hivi: "Shikamoo mama. Majibu yako yametoka. Ungependa tukueleze wewe, au kuna mtu unayemwamini tumweleze yeye?" Akisema mwambieni mwanangu, hiyo ni haki yake, na iandikwe failini pamoja na tarehe. Akitaka kujua, ajue. Idhini ya matibabu pia ni yake: mume hasaini badala ya mke mwenye akili timamu.

Chumba kiwe na mlango unaofungika, viti vya kimo kimoja, simu zimezimwa, na dakika 30 zisizoingiliwa. Sema "ni saratani" mwanzoni kabisa. Ukizunguka na "kauvimbe fulani", mgonjwa ataondoka akidhani anahitaji dawa ya jipu. Ukishalisema, nyamaza na umwache avute pumzi. Mwisho mwombe akueleze alivyoelewa: "Ukifika nyumbani utawaambiaje?" Swali la "umeelewa?" hujibiwa "ndiyo daktari" hata pale ambapo hakuna kilichoingia. Aondoke na karatasi ya ukurasa mmoja ya Kiswahili: aina ya saratani, hatua, mpango, tarehe ijayo, na namba ya simu inayopokelewa na mtu.

Dawa za kienyeji ziulizwe bila kejeli, tena kwa majina: kuna mitishamba ya kunywa, kombe (maji yaliyooshea maandishi ya aya), hijama (kuumikwa)? Kombe halina ugomvi na kemo. Mitishamba ya kuchemsha huweza kuumiza ini na figo, kwa hiyo mwombe aiweke kando hadi matibabu yaishe. Hijama ni hatari chembe sahani (chembe za kugandisha damu) zikiwa chache, maana damu haikatiki, na pia kwenye mkono wa upande uliotolewa tezi za kwapani, kwa sababu ya maambukizi na uvimbe. Mtu aliyezomewa mara moja hatasema tena, na wewe utabaki ukitafuta kwa nini vipimo vya ini vimepanda.

Na jambo dogo ambalo watu hawalisahau: asiitwe mtu ukumbini kwa "namba 34, yule wa titi". Mpigie jina kwa heshima ya umri wake, na ugonjwa wake ubaki failini. Ujumbe wa simu wa kukumbusha miadi vilevile usitaje saratani wala jina la idara. Simu nyingi hushirikiwa nyumbani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakubana.

Miadi na siku ya kemo

Kadi iandike "saa 2:00 asubuhi". Mfumo wa kompyuta unaotuma "08:00" umewaleta watu saa nane mchana, wakati dawa zimeshachanganywa na zimeanza kuharibika. Gawa saa badala ya kuwaita wote alfajiri. Wanaovuka Likoni wapewe saa nne au saa tano, kwa kuwa feri ya asubuhi haina ahadi. Ijumaa mchana usipange dripu inayochukua muda wa saa tatu kwa anayetaka kuwahi swala, isipokuwa ameridhia.

Damu ipimwe ndani ya saa 72 kabla ya dawa, hospitali iliyo karibu na mgonjwa: Kilifi, Msambweni, Voi, popote pale. Matokeo yatumwe kwenye simu ya kituo, daktari aamue jioni, na mgonjwa apigiwe kabla hajapanda basi. Kwa mipango mingi ya dawa, nyutrofili (chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi) ziwe angalau 1.5 × 10⁹ kwa lita na chembe sahani 100 × 10⁹ kwa lita. Kwa dawa ya sisplatini angalia na kreatinini (kipimo cha figo), kwa doksorubisini angalia na bilirubini (kipimo cha ini). Jioni hiyo hiyo hakikisha idhini ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayolipia matibabu. Kikomo cha fedha huhesabiwa kwa kaya, hivyo nyumba yenye wagonjwa wawili hukifikia mapema, na mgonjwa hapaswi kulijua hilo akiwa ameshachomwa kanula (mrija wa mshipani).

Siku yenyewe, mpangilio uwe huu, bila kuruka:

1. Uzito upimwe siku hiyo, mizani ile ile, viatu na mkoba kando. Urefu upimwe kwa kipimo ziara ya kwanza. Usiuandike kwa kuuliza.
2. Daktari ahesabu eneo la mwili kwa mita za mraba, ambalo dozi hupimiwa kwalo: urefu kwa sentimita mara uzito kwa kilo, gawa kwa 3,600, tafuta kipeuo cha pili.
3. Mtu wa pili ahesabu upya bila kuliona jibu la kwanza.
4. Mfamasia ahesabu mara ya tatu, ndipo achanganye.
5. Kitini, wauguzi wawili walinganishe dawa, dozi, njia, mwendo wa dripu na namba ya hospitali. Mgonjwa ataje jina lake mwenyewe. Ukimwuliza "wewe ni Fatma?", aliyechoka hujibu ndiyo.
6. Mshipa ujaribiwe kwa maji ya chumvi, damu irudi vizuri, kabla dawa haijaingia.

Chukua mama wa sentimita 160 na kilo 62. Mara zake ni 9,920, ukigawa kwa 3,600 unapata 2.76, na kipeuo chake cha pili ni 1.66. Doksorubisini ya miligramu 60 kwa mita ya mraba inakuwa 99.6, yaani 100. Siklofosfamidi ya 600 inakuwa 996, yaani 1,000. Sasa muuguzi akikosea akaandika 82 badala ya 62, eneo linakuwa 1.91 na doksorubisini karibu 115. Ni asilimia 15 zaidi, kwa kosa la tarakimu moja, na fomu itaonekana safi kabisa. Ndiyo maana hatua ya tatu haifanywi kwa kutazama begani. Uzito ukibadilika kwa asilimia 10 kutoka mzunguko uliopita, simama uulize: amekonda, amejaa maji tumboni, au mizani imeharibika? Andika pia jumla ya doksorubisini aliyokwisha kupata tangu mwanzo. Mizunguko 4 ya miligramu 60 kwa mita ya mraba ni 240, na moyo huanza kuwa hatarini zaidi jumla inapokaribia 450 hadi 550.

Vinkristini iwekwe kwenye mfuko mdogo wa mililita 50, isiwekwe kwenye bomba la sindano. Sababu ni moja tu: ikichomwa kwenye uti wa mgongo kwa kudhaniwa dawa nyingine, huua, na mfuko hauwezi kufungwa kwenye sindano ya mgongo. Paklitakseli iende na mipira isiyo ya plastiki ya PVC na kichujio cha mikroni 0.22, baada ya deksamethasoni na dawa za kuzuia mzio, na muuguzi asiondoke kitini dakika 15 za mwanzo. Mzio wake wa mzunguko wa kwanza na wa pili huja katika dakika hizo.

Dawa ikivuja nje ya mshipa, silika ya watu wengi ni kuchomoa kanula. Usichomoe. Funga dripu, acha kanula, vuta kwa bomba kinachovutika, ndipo uitoe. Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu na uandike saa. Doksorubisini huwekewa baridi, vinkristini huwekewa joto. Ukizigeuza unaongeza madhara. Usisugue. Inua mkono, mwite daktari, na mpe mgonjwa tarehe ya kurudi kuonyesha mahali hapo hata kama halalamiki, kwa kuwa kidonda cha doksorubisini huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye.

Dawa na joto la Pwani

Maboksi mengi yameandikwa "chini ya nyuzi 25". Stoo isiyo na kiyoyozi hapa mjini huvuka 30 kuanzia Januari hadi Aprili, tena mchana kutwa. Kwa hiyo kiyoyozi cha stoo ya dawa ni kifaa cha tiba, na hakizimwi wikendi kuokoa stima. Friji iwe kati ya nyuzi 2 na 8, isomwe asubuhi na jioni, na iwe na kifaa kinachorekodi usiku. Kinachosahaulika ni upande wa chini. Trastuzumabu iliyoganda karibu na ukuta wa friji imeharibika hata kama sasa inaonekana maji safi. Umeme ukikatika, andika saa, usifungue mlango, na uwe na mpango ulioandikwa wa wapi dawa zitahamishiwa jenereta ikikataa.

Uchanganyaji ufanywe ndani ya kabati la usalama wa kibiolojia la daraja la II, glavu jozi 2 zikibadilishwa kila dakika 30, na gauni lisilopitisha maji. Feni ya darini kwenye chumba hicho ni marufuku, hata iwe Februari.

Homa

Nyutrofili hushuka zaidi siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu. Joto la 38.3 mara moja, au 38.0 linalodumu saa 1, ni dharura. Mombasa kizuizi chake kina jina: malaria. Mgonjwa hushikwa na homa, akanunua dawa ya malaria duka la mtaa, akameza Panadol, joto likashuka, na kesho yake akaletwa hajitambui. Mfundishe apime kwanza, ndipo ameze chochote. Mpe kipimajoto kwenye mzunguko wa kwanza na umwone akikisoma mbele yako. Kipimo cha malaria kifanywe, ndiyo, lakini antibayotiki isikisubiri.

Kadi ya mgonjwa iwe na maneno makubwa: "Ninapata kemo. Nikiwa na homa nahitaji antibayotiki ndani ya dakika 60." Chini yake tarehe ya dawa ya mwisho na jina la hospitali ya kwenda usiku, kwa maana kituo chenyewe hufungwa jioni. Zungumza na idara ya dharura ya hospitali hiyo mapema, ili kadi isiwe ngeni kwao.

Ukifuatilia dakika zinakopotelea, utakuta hazipotelei kwa daktari. Hupotelea dirisha la malipo, kisha foleni ya famasia. Dawa yake ni sanduku dogo chumbani lenye dozi ya kwanza, kwa mfano piperasilini na tazobaktamu gramu 4.5, kufuatana na mwongozo wenu, pamoja na chupa za kuotesha damu. Damu itolewe, dozi iingie, ankara ifuate. Uongozi usaini kanuni hiyo, la sivyo karani ataogopa. Na asipimwe joto njia ya haja kubwa wala kupewa dawa huko hadi nyutrofili zipande.

Rufaa ya mionzi

Kituo cha jamii kisicho na mashine hupeleka wagonjwa penye mashine, iwe Hospitali Kuu ya Pwani au kwingine, na kazi yake haiishii kwenye barua. Saratani ya shingo ya kizazi inayotibiwa kwa mionzi ya nje, sisplatini ya kila wiki na mionzi ya ndani inatakiwa imalizike ndani ya siku 56, maana kila siku ya ziada hupunguza nafasi ya kupona. Siku ya kwanza ikianza, hesabu na uandike siku ya 56 kwa wino mwekundu juu ya faili. Mionzi ya nje peke yake ni takriban vipindi 25, siku tano kwa wiki, kwa hiyo mgonjwa wa Tana River atafutiwe pa kulala mjini kabla ya tarehe kukubaliwa. Atumwe na jibu la patholojia, picha, kreatinini na himoglobini, na simu ipigwe kuthibitisha kwamba amefika.

Mwanamke akiomba kuhudumiwa na mwanamke, apangiwe. Akikosekana, aambiwe mapema na apewe wa kusimama naye. Gauni lifunguke upande unaotibiwa tu, na mtandio ubaki kichwani kama kichwa na shingo havitibiwi. Ngozi inayopigwa mionzi isipakwe marashi wala mafuta ya udi. Hina nyeusi ya kucha huweza kupotosha kipimo cha oksijeni, basi tumia ncha ya sikio.

Maumivu

Maumivu yaandikwe kila ziara kama joto na presha. Vidole vya mkono vinatosha: ngumi ni hakuna, vidole vitano ni yasiyovumilika. Vidole vitatu na zaidi viwe na hatua iliyoandikwa siku hiyo hiyo.

Mofini ya maji ndiyo dawa kuu, na hatari yake kubwa ni nguvu za chupa. Kuna ya miligramu 1 kwa mililita na kuna ya 10 kwa mililita. Mtu aliyezoea kunywa mililita 5 za ile hafifu akipewa ile kali bila kuelezwa, anameza mara kumi. Andika miligramu na mililita zote mbili, toa bomba la kupimia lililowekewa alama ya plasta, na mwone mwangalizi akivuta dozi mbele yako. Usiseme "kijiko", maana vijiko vya jikoni havilingani. Mwanzo ni miligramu 5 kila saa 4, au 2.5 kwa mzee na mdhaifu, na ya wakati wa kulala iwe mara mbili ili usiku apumzike. Mwenye figo mbovu hupewa kidogo zaidi na kwa nafasi ndefu, kwa uamuzi wa daktari. Dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo. Wagonjwa huacha mofini kwa sababu ya tumbo kufunga mara nyingi kuliko kwa sababu ya usingizi.

Ramadhani ikikaribia, uliza wiki mbili kabla. Anayetumia miligramu 10 mara 6 kwa siku anapata 60, na vidonge vya saa 12 vya miligramu 30, kimoja futari na kimoja daku, vinampa kiasi kile kile. Kidonge hicho hakisagwi. Siku ya sisplatini hafungi, kwa sababu figo zinahitaji maji mengi; mzungumzie kabla, na kama atataka kauli ya sheikh wake, mwandikie sababu za kitabibu aende nazo.

Tiba shufaa (huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa) iitwe mapema, hata mgonjwa akiwa bado anapata kemo. Coast Hospice iko hapa Mombasa na wahudumu wake wamezoea nyumba za mtaani. Kuwaita wiki ya mwisho ni kuwaachia kazi ya kutuliza peke yake.

Nyumbani, saa 48 za kwanza

Mkojo, choo na matapishi hubeba dawa kwa takriban saa 48. Anayesafisha avae glavu. Choo cha kuvuta kivutwe mara mbili kifuniko kikiwa chini. Cha shimo au cha kushirikiana kimwagiwe ndoo ya maji baada ya kila matumizi. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, mara mbili. Penye maji ya mitungi hiyo ni gharama ya kweli, basi waambie wanunue mapema. Chakula kipikwe kikaiva na kiliwe kikiwa moto. Dafu lifunguliwe mbele yake, na kachumbari iliyokaa mezani aiache.

Kujipima wenyewe

Kila mwezi chukua faili 10. Tano ziwe za kila la kumi kwenye rejista, na tano za waliokosa miadi, kwa kuwa ukichagua za waliokuja tu utajisifu. Angalia vitu vichache: siku kutoka biopsi hadi majibu, siku kutoka majibu hadi dozi ya kwanza, hesabu ya pili ya dozi ina saini, maumivu yameandikwa, aliyekosa alipigiwa simu ndani ya saa 48. Aliyefariki aondolewe kwenye orodha ya ujumbe siku ile ile taarifa inapofika.

Maoni ya wagonjwa yakusanywe na mtu asiyewatibu. Hapa kwetu ukimwuliza mtu kama aliridhika atakujibu "Alhamdulillahi, wamenishughulikia", hata kama amekaa tangu alfajiri bila kuambiwa lolote. Uliza mambo yenye jibu la kuhesabika: ulifika saa ngapi, uliitwa saa ngapi, nani alikueleza dawa yako, utampigia nani usiku ukishikwa na homa? Jibu la swali la mwisho likiwa "sijui" kwa watu 3 kati ya 10, kadi hazifanyi kazi, haijalishi mmechapisha ngapi.

Kiwango kisipofikiwa miezi 3 mfululizo, usianze kwa kuandikia wafanyakazi onyo. Tembea na mgonjwa mmoja ukiwa na saa mkononi, andika kila mahali anaposubiri, kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wiki 4 na upime tena. Matokeo yabandikwe ukumbini kwa Kiswahili, hata yakiwa mabaya: "Mwezi huu wenye homa 9, waliopata dawa ndani ya dakika 60 ni 6." Msimamizi wa wauguzi ndiye anayebadilisha karatasi hiyo, tarehe 5 ya kila mwezi.